Mguu wa sukari, Pemba: muuguzi, swali lake na mbinu iliyolifaa

Kisa hiki kinamhusu muuguzi wa chumba cha vidonda katika spitali moja ya Pemba, aliyekuwa akiandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi wake wawili. Nimebadilisha mambo kadhaa ili yeye na wagonjwa wake wasitambulike, lakini ubishi wenyewe juu ya mbinu nimeuacha ulivyokuwa. Ni ubishi ambao wauguzi wengi hawaufanyi kabisa: huchukua tasnifu ya mwenzao wa mwaka uliopita, wakafuata mbinu iliyomo.

Mada hakuitafuta. Ilikuwa ikimngoja kila asubuhi kwenye benchi la nje: mtu mwenye kisukari, mguu umezungushwa kipande cha kanga, kidonda kimeshakula hadi ndani. Baadhi yao huishia kukatwa kidole, wengine mguu. Kinachotokea mwilini anakijua vizuri. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva na mishipa ya damu ya miguuni. Neva zikishakufa ganzi, mtu hukanyaga mwiba au gamba la chaza asihisi. Na damu isipofika sawasawa, kidonda hakifungi na vijidudu hupata makazi. Amepima miguu mingi kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, akaona mzee katulia macho juu huku uzi ukipinda kwenye wayo wake, wala hajui kama ameguswa. Ambacho hakukijua ni yale yanayopita kabla ya benchi.

Pendekezo lake la kwanza lilihusu uzoefu wa wagonjwa wa kisukari wanaochelewa kufika spitali na vidonda vya miguu, na aliliita utafiti wa kifenomenolojia, yaani unaoeleza jambo kama linavyohisiwa na anayeliishi. Washiriki 12, mahojiano ya ana kwa ana, uchambuzi kwa hatua saba za Colaizzi, mmoja wa waandishi wa mbinu hiyo. Malengo mahsusi matatu: kueleza uzoefu wao, kubaini sababu za kuchelewa, na kupendekeza namna ya kuwafanya wawahi. Aliyewahi kukaa kwenye jopo la mapendekezo ya uuguzi atalitambua kwa mbali. Limeshaandikwa mara nyingi, hubadilika jina la maradhi tu.

Nilimuuliza kwa nini fenomenolojia.

“Mwalimu, wenzangu wengi wamefanya hiyo,” akasema. Akafikiri kidogo. “Na kazi ya muuguzi si kumuelewa mgonjwa anavyoishi na maradhi yake?”

Jibu la kwanza niliwahi kulisikia. La pili lina uzito, na ndilo linaloeleza kwa nini wauguzi wameipenda fenomenolojia kuliko fani nyingi za afya. Husserl aliyeiasisi alitaka turudi kwenye mambo yenyewe jinsi yanavyomjia mtu katika fahamu zake, tukiweka kando tunayodhani tunayajua. Heidegger, mwanafunzi na msaidizi wake, katika kazi aliyoitoa mwaka 1927 alisema kuweka kando huko hakuwezekani, kwa sababu mtu daima yumo ndani ya dunia na anaifasiri akiwa ndani yake. Colaizzi, ambaye hatua zake saba zilichapishwa mwaka 1978, yuko upande wa Husserl: unasoma simulizi, unachomoa kauli nzito, unazipa maana, unazikusanya, unafika kwenye umbo la msingi la jambo, kisha unalirudisha kwa washiriki walitazame. Kwa muuguzi aliyefundishwa kwamba mgonjwa ni zaidi ya jalada lake, haya ni maneno ya nyumbani.

Lakini tazama linaloulizwa. Fenomenolojia huuliza: ni hali gani kuishi na mguu usiohisi? Ni vipi kuuangalia mguu wako mwenyewe kama wa mtu mwingine? Hayo ni maswali makubwa, na utafiti mzuri ungeweza kuishia hapo. Haiulizi kwa nini hukuja Jumatatu ukaja baada ya Idi. Lengo la pili la pendekezo lilikuwa linataka sababu, na la tatu linataka hatua. Yaani lengo moja kati ya matatu lilikuwa la fenomenolojia, na mawili yalipanda gari hiyo hiyo bila tiketi.

Kulikuwa na kasoro nyingine, nayo naiona kubwa zaidi: neno “wanaochelewa” kwenye kichwa chenyewe. Kuchelewa kwa saa ya nani? Hukumu ilishatolewa kabla shahidi wa kwanza hajasema. Na anayechagua fenomenolojia ya Husserl ameahidi kuziweka kando hukumu zake. Huyu alikuwa ameibandika yake mlangoni.

Hatukumruhusu kumhoji mgonjwa yeyote kabla ya kibali cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, hata kwa majaribio. Hili nalitaja kwa sababu wauguzi husahau kwamba kuzungumza na mgonjwa wakati wa kumfunga kidonda ni huduma, na ukiyageuza mazungumzo hayo kuwa data umemchukulia kitu ambacho hakukupa. Badala yake nilimpa kazi ya mezani: aandike kwa kumbukumbu ya kazi yake, bila jina, bila shehia, safari za miguu anazozikumbuka. Mguu ulitoka wapi, ukapita wapi, ukafikaje kwenye benchi lake. Si kwa ajili ya tasnifu, wala hakuna sentensi yake itakayonukuliwa. Ni kwa ajili ya kulipima swali.

Alirudi na kurasa nyingi, na kurasa hizo ndizo zilizolivunja pendekezo.

Jambo la kwanza lilikuwa udhu. Mafunzo anayowapa wagonjwa, kama yanavyofundishwa kila pahala, husema: angalia miguu yako kila siku, angalia baina ya vidole. Sasa Pemba, ambako karibu kila mtu ni Muislamu, mzee anayeswali huosha miguu mara kadhaa kwa siku na hupitisha kidole chake baina ya vidole vya mguu kama alivyofunzwa chuoni akiwa mtoto. Hakuna ushauri wa spitali utakaomshinda kwa kuangalia miguu. Mguu wenye ganzi hauhisi, kweli, lakini mkono unahisi na macho yanaona. Na katika safari alizoziandika, karibu wote walikuwa wamekiona kidonda mapema. Kwa hiyo maelezo aliyokuwa ameyaweka kwenye utangulizi, kwamba wagonjwa hawaoni kidonda mpaka kinukie, hayakusimama mbele ya kumbukumbu zake mwenyewe.

La pili: kidonda hakikukaa bure. Kilioshwa kwa maji ya chumvi. Kilipakwa asali, au habasoda iliyosagwa. Kapsuli kutoka duka la dawa ilifunguliwa na unga wake ukanyunyizwa. Mtu alikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani zilizoandikwa. Jirani mwenye sukari alitoa ushauri, kijana aliyeko Unguja akapigiwa simu atume pesa, mke akasema twende na mama mkwe akasema tungoje. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika jinsi alivyowahi kumuuliza mzee mmoja kwa nini amechelewa, naye akamjibu kwa upole: “Sikuchelewa, mwanangu. Nilikuwa najitibu.”

La tatu lilimshitua mwenyewe alipolisoma tena. Wapo waliofika mapema, wakafungwa vizuri, kisha wakaenda nyumbani na kuifungua bandeji kila wakati wa sala, kwa khofu kwamba udhu hautimii maji yasipofika kwenye ngozi. Fiqhi ina nafasi kwa mwenye jeraha: hupangusa kwa maji juu ya bandeji, na masheikh wa pale pale kijijini wangemueleza taratibu yake. Lakini mgonjwa hakumuuliza sheikh kwa sababu aliona ni jambo la spitali, wala hakumuuliza muuguzi kwa sababu aliona ni jambo la dini. Kidonda kikawa kinafungwa asubuhi na kufunguliwa adhuhuri.

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumshawishi abadilishe swali. Alikuja nalo jipya: kidonda cha mguu cha mtu mwenye kisukari hupitia wapi na mikononi mwa nani tangu kinapoonekana mpaka kinapofika chumba cha vidonda, na kinaendeleaje baada ya kufika? Nini hukisogeza na nini hukisimamisha?

Hapo ndipo ubishi wa mbinu ulipoanza kwa haki, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kubishania.

Ethnografia, yaani kusoma utamaduni wa watu kwa kuishi nao, ilikuwa na mvuto, nami naipenda. Madeleine Leininger, muuguzi aliyesomea pia anthropolojia, alitumia maisha yake kuonesha kwamba huduma ina utamaduni wake na kwamba muuguzi anaweza kuusoma, akaiundia uuguzi ethnografia yake. Mambo ya udhu, kombe, mama mkwe na simu ya Unguja yanaita ethnografia kwa sauti. Ila ethnografia hutaka ukae. Ukae uani na ukumbini, uone nani anashika beseni na nani anashika mfuko wa pesa, urudi msimu wa karafuu uone nani anaacha kidonda kwa sababu mikarafuu haingoji. Muuguzi huyu alipewa likizo ya miezi michache na mwajiri wake. Tena ni mwanamke. Sehemu kubwa ya maisha ya wazee wa kiume ni msikitini na barazani, ambako asingekaa naye akaangalia. Kuna wanaofanya mahojiano kumi na kuyaita ethnografia kwa sababu yana mila ndani yake. Hatukutaka hilo.

Uchunguzi kifani, wa kuchimba kisa kimoja kwa kina, tuliujadili kidogo tu. Ungefaa kama swali lingekuwa juu ya spitali moja na mfumo wake wa rufaa.

Mwenzangu, msimamizi wa kwanza, alisimama na nadharia inayojengwa kutoka kwenye data, ile ya Glaser na Strauss ya mwaka 1967. Alikuwa na hoja nzito. Mbinu ile ilizaliwa spitalini: ilitokana na utafiti wao juu ya wagonjwa wanaokaribia kufa katika spitali za eneo la San Francisco, juu ya nani anajua kwamba mgonjwa anakufa na nani anajifanya hajui, na katika kikosi kile alikuwemo muuguzi, Jeanne Quint. Baadaye Juliet Corbin, aliyeiandika upya pamoja na Strauss mwaka 1990, naye alikuwa muuguzi. Ni mbinu ya michakato. Huuliza: hapa kunatendeka nini, watu wanapitaje kutoka hali hii kwenda hali ile, na kwa masharti gani? Swali la muuguzi wetu, alisema mwenzangu, ni la mchakato mtupu, lina hatua, lina watu wengi, lina njia panda. Kulipeleka kwengine ni kulidhulumu.

Kwa upande wa nadharia alikuwa sawa. Nilichopinga ni kama mwanafunzi huyu, kwa muda ule, angeweza kutimiza mbinu hiyo inachodai. Mahojiano ya kwanza yanachambuliwa kabla ya kufanya ya pili; anayehojiwa baadaye huteuliwa kwa kile kilichojitokeza kwa waliotangulia, na hujui tangu mwanzo utaishia kwa nani. Ukigundua kwamba kijana wa duka la dawa ndiye njia panda, unatakiwa umfuate. Ukigundua ni mwalimu wa chuo cha Qurani, umfuate. Kila mara unarudi kwenye data, unalinganisha tukio na tukio, unaandika kumbukumbu za uchambuzi, mpaka dhana kuu isimame na isitikisike. Hilo ni jambo la mwaka na zaidi kwa mtu anayeyaandika mwenyewe mahojiano aliyoyarekodi, usiku baada ya kazi. Nimesoma tasnifu kadhaa zenye jina la mbinu hii ambazo ndani yake mna mada tano na nukuu chini ya kila mada. Nadharia haimo. Mwenye tasnifu hakufanya kitu kibaya, alifanya uchambuzi wa kimaudhui wa kawaida, ule wa kuipanga data kwa mada. Alichokosea ni kuuvika jina ambalo mtahini atamdai nalo.

Na hapa niseme neno juu ya kosa dogo lililokuwemo pia kwenye pendekezo la kwanza. Chini ya kichwa cha mbinu aliandika “mahojiano ya kina”, kana kwamba hilo linatosha. Mahojiano ni chombo. Kuwa na sindano mkononi hakusemi unatibu nini. Vivyo hivyo uchambuzi wa kimaudhui wa Braun na Clarke wa mwaka 2006, ambao wanafunzi huutaja kama usanifu wa utafiti: ni njia ya kuchambua, na huweza kukaa ndani ya usanifu mbalimbali.

Nilichopendekeza mimi ni maelezo fasiri, mkabala uliotolewa na Sally Thorne na wenzake nchini Kanada mwaka 1997. Haujulikani sana kwetu. Ulitokana na lalamiko la wauguzi: kwamba mbinu wanazoazima zimetoka kwenye falsafa, anthropolojia na sosholojia, kila moja na shabaha ya kwao, na muuguzi akizifuata kwa uaminifu huishia kujibu swali la fani nyingine. Uuguzi huuliza ili utende. Kwa hiyo mkabala huu unamruhusu mtafiti aanze na anachokijua kazini, akitangaze wazi badala ya kujifanya hakijui. Unaruhusu kuazima kulinganisha data kwa data kama kwenye mbinu ya Glaser na Strauss, bila kuahidi nadharia. Na mwisho wake unadaiwa kitu kimoja kigumu: je, muuguzi wa zamu atakaposoma matokeo haya, kuna jambo ataliona kwa namna ambayo jana hakuliona?

Mwenzangu aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini basi isiwe maelezo ya kawaida, yale aliyoyatetea Margarete Sandelowski mwaka 2000, aliposema hakuna aibu kueleza jambo kwa maneno yaliyo karibu na ya wasemaji wenyewe. Kama muuguzi angetaka orodha ya vikwazo, ningekubali papo hapo: umbali, nauli, foleni, dawa hakuna. Lakini mgonjwa anayekuja kwa wakati kila siku na kuifungua bandeji kila siku haingii kwenye orodha ya vikwazo. Huyo ni mtu anayetii sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ukimueleza tu, umemuacha hapo hapo. Anahitaji kufasiriwa, na anayemfasiri awe anajua kidonda kinafungwaje na sala inaswaliwaje.

Udhaifu wake upo. Maelezo fasiri hayana ngazi za kupanda kama hatua saba za Colaizzi, na mtahini anayependa ngazi atauliza mbinu iko wapi. Tulikubaliana mwanafunzi aweke daftari la maamuzi: kila alipobadilisha swali, kila alipounganisha mada mbili, kila alipoacha kitu, na kwa nini. Vigezo vya uaminifu tulichukua vile vya Lincoln na Guba vya mwaka 1985, na kwa uandishi wa ripoti ile orodha ya vipengele 32 ya COREQ ya mwaka 2007, iliyotungwa kwa tafiti za mahojiano, ingawa orodha hiyo nayo watu huijaza kama fomu ya benki bila kuielewa.

Baada ya mbinu kukaa sawa, mambo mengine mengi yalijipanga yenyewe, na machache yalikuwa magumu.

Washiriki, kwanza. Pendekezo la awali liliwataka waliochelewa peke yao. Kwa swali jipya, kuwaacha waliowahi ni kujitia upofu, kwa kuwa anayefika na kidonda kidogo ndiye anayeonesha njia ilifunguka wapi. Wakaongezwa. Wakaongezwa pia wasiofika kabisa, ambao spitali haiwajui lakini wajitolea wa afya ya jamii wanaotembelea kaya wanawajua. Na kwa kila mgonjwa, akikubali, yule anayemshughulikia mguu nyumbani. Wauza dawa tuliwaacha baada ya kubishana. Wangekuwa na mengi ya kusema, lakini kumuuliza mtu juu ya antibaiotiki aliyouza bila karatasi ya daktari ni kumtaka ajishitaki. Habari zao zitafika kupitia kwa wagonjwa.

Idadi ilileta kichekesho kidogo. Nilimuuliza ile 12 ameitoa wapi, akanionesha makala ya Guest na wenzake ya mwaka 2006. Ni makala nzuri: walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba baada ya mahojiano 12 karibu hakuna jipya kubwa lililoongezeka. Lakini wanawake wale walikuwa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yanayofanana. Sisi tuna mvuvi, mama wa nyumbani, mwalimu mstaafu wa skuli, na mtu asiyefika spitali kabisa. Namba haisafiri peke yake kutoka Afrika Magharibi mpaka Micheweni, huku Pemba. Tuliandika kiwango, baina ya 15 na 20 kwa wagonjwa, na maelezo ya aina za watu tunaowataka ndani yake, pamoja na ahadi ya kueleza kwa nini tumesimama pale tutakaposimama.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa yeye mwenyewe. Nani atamwambia anayemfunga kidonda kwamba akifika nyumbani hukifungua? Mgonjwa wa Kipemba ana adabu. Atasema “alhamdulillahi, naendelea vizuri, mwanangu” hata kama mguu unanuka. Fenomenolojia ya awali ilimtaka muuguzi aweke kando anayoyajua, lakini haikumwambia afanye nini na yale ambayo mgonjwa anayajua juu yake: kwamba ndiye mwenye mkasi na gauzi, na kesho watakutana tena. Tuliamua ahoji katika wilaya nyingine ya kisiwa, si ile anayofanyia kazi, na ahoji nyumbani kwa mgonjwa, bila sare. Kisiwa ni kidogo na ukitaja ukoo umeshajulikana, kwa hiyo haitoshi. Lakini inamuondoa kwenye benchi lile.

Nyumbani nako kuna masharti yake. Kijana wa kike hakai chumbani peke yake na mzee wa kiume asiye maharimu wake, na wala haipendezi. Atakuwepo mke, au binti, au mjukuu mlangoni. Vitabu vingi vya mahojiano huonya dhidi ya watu wengine kuwepo. Sisi tuliandika kinyume: wakiwepo, arekodi nani amejibu swali gani. Mgonjwa akiulizwa alikwenda lini duka la dawa na mke akajibu yeye, hilo lenyewe ni tokeo, kwani swali ni la kidonda kupita mikononi mwa watu.

Mwongozo wa maswali ulifupishwa sana. “Kwa nini” ilitolewa yote. Swali la kwanza ni: nisimulie habari ya kidonda hiki tangu siku ulipokiona. La pili ndilo ninalolipenda, alilibuni yeye: aliyekiona wa pili ni nani? Halafu, alisema nini, na mkafanya nini. Swali la udhu linakuja mwishoni na linaulizwa kwa sauti ya mtu anayejua jawabu halina aibu: ukitawadha, bandeji unaifanyaje? Kazi ya nyanjani ilipangwa nje ya Ramadhani na nje ya kilele cha karafuu. Uchambuzi utafanywa kwa Kiswahili kama kilivyosemwa, na nukuu zitakazoingia kwenye tasnifu ndizo zitakazotafsiriwa.

Mkuu wake wa kazi aliposoma muhtasari aliuliza asilimia ngapi ya wagonjwa huifungua bandeji. Hilo utafiti huu haulijibu na haukusudii. Ni swali zuri la utafiti wa takwimu, na litaulizika vizuri zaidi baada ya huu.

Kwenye kikao cha kulitetea pendekezo, swali la fenomenolojia lilikuja kama tulivyotarajia, naye akalijibu vizuri kwa sentensi chache. Lililomkwamisha lilitoka kwa mjumbe mmoja mtu mzima, muuguzi wa zamani: umekwenda nyumbani kwa mtu kumhoji, ukakuta kidole kimekuwa cheusi na mguu umevimba mpaka gotini. Wewe hapo ni nani?

Hakuwa na jibu lililoandikwa, na sisi wasimamizi hatukuwa tumelidai. Lilipatikana ndani ya wiki ile. Akikuta kidonda cha hatari, anazima kinasa sauti, anamueleza mgonjwa na wa nyumbani kwake kile anachokiona, anapiga simu kituo cha afya cha karibu na hakai kuendelea na mahojiano. Akiwa na gauzi safi, anakifunika. Mahojiano yatarudi siku nyingine ikiwa mgonjwa mwenyewe ataridhia, na kwenye daftari la maamuzi ataandika kwamba kuanzia hapo yeye naye ameingia kwenye orodha ya mikono iliyokipitia kidonda kile, na uchambuzi wa kisa hicho utamhesabu hivyo. Fomu ya ridhaa ikaongezwa aya inayosema hayo kwa lugha ya kawaida, pamoja na kwamba kukataa kuhojiwa hakubadilishi huduma ya mtu popote, na pendekezo likapelekwa kamati ya maadili.